Mipira ya Hita ya Mama Pacha

Kwenye gereji walimwita Fundi Keshokutwa, na jina hilo halikutoka kwa wateja. Wateja walimsifu kwamba ahadi yake ni ahadi: ukiambiwa gari Jumatano, Jumatano unaondoka nalo. Jina lilitoka nyumbani kwake. Mkewe alimpigia simu siku moja, simu ikiwa imewekwa sauti ya wazi juu ya boneti, akauliza bomba la jikoni atakuja kulitengeneza fundi wa gereji au Fundi Keshokutwa. Mafundi wote walisikia. Tangu hapo jina likamganda kama grisi kwenye kucha.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae, na gae la nyumba hii lilikuwa gari la mikate. Mkewe, Mama Pacha, alisambaza mikate kila alfajiri kwenye maduka na shule za mlimani. Injini ya gari lake ilipokufa, mumewe alipata nyingine ya aina tofauti kabisa, akakata vishikizi vya injini ya zamani, akachomea vipya, akaipachika. Ikakaa mle utadhani ilizaliwa humo.

Kasoro ilibaki moja. Kwenye injini ya zamani, midomo miwili ya kupeleka na kurudisha maji ya moto ya hita ilikuwa ubavu wa kushoto, ikitazamana na mirija ya hita iliyotokeza kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kwenye injini hii, mdomo mmoja ulikuwa nyuma, na mwingine mbele kulia, jirani kabisa na bomba la moshi. Fundi aliitazama hiyo safari ya mpira wa maji, akakuna kichwa, kisha akaunganisha midomo hiyo miwili yenyewe kwa yenyewe. Maji yakawa yanazunguka bila kufika kwenye hita.

"Na hita?" Mama Pacha aliuliza.

"Hita ya nini, mama? Wewe unapeleka mikate, hupeleki vifaranga."

Alicheka peke yake. Msimu wa baridi ulipoingia, mkewe akamkumbusha mara ya kwanza, ya pili, na nyingine ambazo hakuna aliyezihesabu. Jibu mnalijua.

Basi siku moja mpakiaji wa mikate akaomba ruhusa kwenda kumuuguza mama yake, na Mama Pacha akamwamsha mumewe achukue nafasi yake. Kabla hajawasha gari, alimtia mumewe kitambaa mkononi.

"Cha nini?"

"Hiyo ndiyo hita uliyonifungia."

Nje kulikuwa na manyunyu na ukungu. Mikate ilikuwa imetoka tanurini muda si mrefu, ikitoa mvuke nyuma yao, na mvuke wote ukaja kulala kwenye kioo cha mbele. Fundi alifuta. Mkono ulipopita, kioo kikafumba tena. Akafungua dirisha, akalowa bega. Akafuta upande wake, akageukia upande wa mkewe, akarudi upande wake, jasho likimtoka huku meno yakigongana.

Kwenye kona ya kupandia shuleni alichelewa kidogo kufuta upande wa dereva. Kitambaa kilipopita, kulikuwa na mtu mbele yao, anasukuma baiskeli yenye gunia. Mama Pacha alikanyaga breki kwa nguvu zote. Kreti za mikate zikaporomoka nyuma. Gari likasimama, na yule mtu akaligonga boneti kwa kiganja, akawatukana tusi moja refu, akaendelea na gunia lake.

Mama Pacha hakuondoa mikono kwenye usukani.

"Kila siku ni hivi?" fundi aliuliza.

"Mpakiaji ana mikono mirefu," alisema. "Siku nyingi inakuwa afadhali."

Fundi alifungua mlango. Alishuka, akapanga kreti, wakamaliza njia.

Mchana ule ule aliliingiza gari la mikate gereji, akamwomba mteja ambaye zamu yake ilikuwa imefika avumilie. Kazi haikuwa ya kubembeleza. Kupitisha mpira mbele, juu ya bomba la moshi, ni kuuchoma kama mshikaki. Akajaribu kuupitisha nyuma ya injini. Pale kona ilikuwa kali, mpira ulionyooka ukajikunja kama shingo ya kuku, na mpira uliojikunja haupitishi maji. Akachukua waya, akaupinda kufuata njia aliyoitaka, akaenda nao kwa wauza vipuri chakavu, akawa anaupima kwenye kila mpira ulioning'inia ukutani mpaka akapata miwili iliyopinda sawa na waya wake. Sehemu ndefu katikati akaweka bomba la chuma, akalifunga kwenye bodi mbali na moto. Kwenye ncha zote mbili akaacha mpira ulegee kidogo, kwa sababu injini hutikisika na bodi haitikisiki. Ukiwafunga hao wawili pamoja kwa chuma kitupu, mmoja atamvunja mwenzake.

Akajaza rejeta maji na dawa ya kupoza injini, akawasha, akafungua hita. Upepo ukatoka baridi.

"Hongera, umefunga friji," fundi wa rangi akamwambia.

Alishika mpira wa kuingia: moto. Wa kutoka: baridi kama pua ya mbwa. Hewa ilikuwa imenasa juu, ndani ya hita, ikiyazuia maji. Akazima, akaacha injini ipoe. Mama Pacha alipofika kulichukua gari, alimkuta ameliegesha kwenye mwinuko wa getini, pua juu ili hewa ipande itoke.

"Ingia, uwashe, ukanyage mafuta kidogo tu," alimwambia.

Injini ilipofika vuguvugu, alilegeza klipu ya mpira wa juu. Ukafoka, ukatema mapovu, ukakohoa, mwishowe yakaja maji matupu yasiyokatika. Akakaza, akaongeza maji mpaka rejeta ikashiba, akaifunga.

Baada ya muda akasikia ukelele ndani: "Baba Pacha! Miguu yangu!"

Alikimbia akidhani mpira umepasuka na kumwagia maji ya moto. Akamkuta amevua viatu, nyayo kazielekeza kwenye tundu la hita, anacheka mpaka machozi.

Alfajiri iliyofuata mpakiaji alikuwa amesharudi, lakini fundi alijipenyeza katikati yao bila kuombwa. Kwa upepo wa moto wa hita, kioo kilikuwa kikavu kutoka pembe hadi pembe. Walipoikaribia kona ya shule, mguu wa fundi ukakandamiza sakafu wenyewe.

"Breki ziko huku kwangu," Mama Pacha alisema, akakata kona.