Kamati ya Bunduki ya Binti Yangu

Sisi Wakenya wa huku Minnesota hatuwezi kununua hata sufuria bila kuunda kamati. Mtu akifiwa, kamati. Akioa, kamati. Mtoto akimaliza shule, kamati, tena yenye mwenyekiti, mweka hazina na kikundi cha simu kisichonyamaza. Kwa hiyo binti yangu alipohitaji bunduki na wanaume wanne wa ushirika wetu wa kanisa kule mjini Crystal wakajipa kazi ya kuichagua, sikushangaa. Nilikasirika tu, na hata sasa ninapoandika haya bado nimekasirika.

Nianze na hiyo bunduki, maana najua ndugu zangu wa Nakuru wakisoma hapa watadhani nimerukwa na akili. Huku watoto hushindana kulenga shabaha kama wengine wanavyoshindana kuogelea. Kuna klabu, kuna kocha, kuna karatasi yenye duara katikati. Bunduki yenyewe ni ndogo, ile wenyeji wanayoiita twenti-tuu. Risasi yake ni fupi kuliko kidole gumba na mlio wake ni kama ubao ulioanguka sakafuni. Bei yake pia si ya kutisha, ukijua unachotafuta.

Binti yangu ana miaka kumi na minne na si mtu wa maneno. Ukimwuliza habari za shule anakujibu kwa mabega. Halafu siku moja rafiki yake akampeleka kwenye hiyo klabu, na aliporudi alianza kuongea mlangoni na hakunyamaza mpaka ugali ukapoa. Sikuelewa hata nusu ya aliyoyasema. Nilichoelewa ni kwamba mtoto wangu alikuwa amepata mahali anapojisikia mtu kamili, na mama yeyote atakuambia hilo ni jambo la kupigania.

Kocha, mama wa Kizungu aliyestaafu ualimu, alimpima macho, akakuta jicho la kushoto ndilo linaloongoza katika kulenga. Binti yangu pia ni mashoto: anaandika, anakula na anatupa mpira kwa kushoto. Basi akapewa bunduki ya mashoto. Klabu ilikuwa na moja tu, tena ya kuazimwa, na mwanzoni mwa msimu familia iliyoiazimisha ikahama nayo. Kocha akanipigia simu akaniambia kama mtoto anataka kuendelea kushindana, atahitaji yake mwenyewe. Alisema si lazima iwe ya bei. Lazima iwe ya kushoto, basi. Alilirudia hilo kabla ya kukata simu.

Nikalitaja mbele ya shemeji yangu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu na mwenyekiti wa kila kitu kinachoweza kuwa na mwenyekiti. Kabla ya kuja huku aliwahi kuwa polisi wa akiba, na ukimsikia akisimulia utadhani aliulinda mpaka mzima peke yake. Jumapili hiyo, baada ya ibada, alisimama na chapati mkononi akatangaza.

"Hiyo maneno ya bunduki niachieni mimi. Nyinyi kina mama mtauziwa toy."

Watu wakacheka. Jioni kikundi kikafunguliwa, picha zikaanza kumiminika. Mmoja alitaka yenye darubini. Mwingine alitaka nyeusi ya plastiki inayofanana na ya jeshi. Wa tatu, ambaye nina hakika hajawahi kushika hata manati, aliandika aya ndefu kuhusu kutu. Shemeji akawa anaidhinisha na kukataa kama waziri. Niliandika, "Mtoto ni mashoto." Mtu akanijibu kwa picha ya dole gumba, wakaendelea na darubini.

Ningetukanwa ningeelewa. Lakini dole gumba! Walikuwa wamesoma, wakaniona, wakanipita kama unavyompita mtu anayefagia korido.

Jumamosi shemeji akaja kutuchukua na gari lake kubwa. Mume wangu alikuwa kazini, na mimi nilikuwa nimeshavaa sare ya hospitali kwa sababu zamu yangu Maplewood ilianza saa tisa. Dukani bunduki zilikuwa zimesimama ukutani safu kwa safu, na muuzaji, kijana mwenye ndevu nyekundu, alimwendea shemeji moja kwa moja. Kadi ya benki ni yangu. Mtoto ni wangu. Kijana akamwuliza shemeji kama mkewe anapenda kuwinda.

"Mimi si mke wake," nikasema. Shemeji ndiye aliyecheka.

Hakupoteza muda. Alionyesha bunduki moja ya mbao nyepesi, yenye darubini ndogo, iliyopunguzwa bei. Lazima niwe mkweli: ilikuwa bunduki nzuri. Ilikuwa fupi, mtoto angeweza kuishika bila kutetemeka mikono, na ni ya kuingiza risasi moja kwa wakati, jinsi klabu inavyotaka. Kasoro yake ilikuwa moja. Kile kikomeo cha chuma unachokivuta nyuma ili ganda litoke na risasi nyingine iingie kilikuwa upande wa kulia.

Mtu wa mkono wa kulia hawezi kuona ubaya wa hilo. Lakini mashoto akishalenga, kila baada ya risasi lazima auinue uso, aupitishe mkono wake unaofyatua juu ya bunduki au auachilie ule unaoishikilia, avute kikomeo, kisha aanze upya kutafuta shabaha. Mwenzake pembeni wakati huo anavuta na kufyatua bila hata kusogeza shavu. Kwenye mashindano ya dakika chache, umeshashindwa kabla hujaketi. Haya nilifundishwa na binti yangu, jikoni, kwa mwiko.

"Shemeji, hii ni ya right," nikasema.

"Bunduki ni ya right, mama. Hivyo ndivyo ilivyoumbwa. Kule training hakuna mtu ali-shoot na left. Sergeant angekuchapa." Akamgeukia mtoto. "Weka kwa bega. Hapana, hili lingine. Eeh, hivyo. Atazoea."

Atazoea.

Neno hilo nimelijua tangu utotoni. Darasa la kwanza mwalimu alinipiga rula kwenye vifundo vya vidole kila nilipoishika kalamu kwa kushoto. Nyumbani bibi, ambaye alinipenda, alinifunga mkono huo kiunoni kwa kipande cha leso wakati wa kula, ili nisimwaibishe mbele ya wageni. Wote waliniambia nitazoea. Na nilizoea kweli! Mpaka leo naandika kwa kulia, na madaktari hawawezi kusoma ninachoandika. Lakini mgonjwa akiwa amekaukiwa maji mwilini na mshipa umejificha, na wauguzi wawili wameshamtoboa bure, wananiita mimi, na ni mkono wa kushoto unaoupata. Mkono ule waliutaka ufe.

Binti yangu alikuwa ameiweka bunduki bega la kulia, kama alivyoambiwa na mkubwa wake. Aliinamisha shingo kutafuta darubini kwa jicho lake la kushoto, akaiacha, akajaribu la kulia. Mikono ilikuwa mahali pasipo pake. Niliona mabega yake yakipanda, yale yale anayonijibia.

"It's fine," akasema polepole. "It's fine, Mum."

Haikuwa sawa. Mtoto huyu alikuwa anakabidhi kitu pekee alichonacho ili mzee asiudhike, na wanaume wawili walikuwa wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliichukua bunduki mikononi mwake nikairudisha juu ya meza ya kioo. Nilimwambia muuzaji, kwa sauti iliyowageuza watu waliokuwa wakichagua ndoano za samaki, kwamba ninataka ya kushoto na kwamba mnunuzi ni mimi.

Akaenda nyuma ya duka. Shemeji alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia mume wangu, akaongea naye kidogo, kisha akanipa kama mtu anayempeleka mkosaji kwa hakimu.

"Si umsikilize tu kaka," mume wangu akasema. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. "Yeye anajua hizo vitu."

"Anajua mtoto wako anatumia mkono gani?"

"Sasa hiyo inaingiaje?"

"Wewe unajua?"

Miaka kumi na minne amekula naye meza moja.

"Si ni right?" akasema.

Nikamrudishia shemeji simu yake bila kuikata.

Muuzaji alirudi na bunduki iliyowahi kutumika, yenye mbao iliyokwaruzwa na isiyo na darubini, kikomeo upande wa kushoto. Ilizidi ile nyingine bei kidogo tu. Alifungua kuonyesha kwamba haina kitu ndani, na safari hii alimkabidhi binti yangu mwenyewe. Binti yangu naye akakagua tena, kama alivyofunzwa, akaelekeza mtutu kwenye ukuta mtupu, akaiweka begani. Shavu lake lilitua kwenye mbao. Alivuta kikomeo, akakirudisha, akavuta tena, na uso wake haukusogea hata kidogo.

"Mama, unaharibu huyu mtoto," shemeji akasema. "Kesho atasalimia wazee na mkono gani? Hata hii ni ya kuulia panya." Kisha akaongeza sauti, sauti ya kamati. "Wewe msichana, hebu sema mwenyewe. Mwambie mama yako ile ingine ni poa, utazoea."

Mtoto wetu anaelewa Kiswahili chote na hakisemi. Tukimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza, na mbele ya wazee haitiki kabisa. Alibaki amelenga ukuta. Nilidhani hakusikia.

"Sitaki kuzoea, Anko," akasema.

Shemeji hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, akingoja nimkemee kwa kumjibu mtu mzima.

Nilitoa kadi nikalipa.