Zuberi na Likembe ya Casimir

Mwaka ule wa hamsini na nne, ungeuliza mji mzima wa Baraka, pale kando ya Ziwa Tanganyika, nani ana moyo wa huruma, wangekuonyesha nyumba ya Zuberi, yule mzee wa mvi, fundi wa taa za karabai. Mtu afe Lweba, kijiji cha jirani, Zuberi huyo na baiskeli yake. Mtu afe Fizi kule mlimani, Zuberi huyo juu ya kamiyo, lori la magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Na usidhani alikwenda kukaa pembeni angoje chakula. Alikuwa analia! Machozi ya kweli, kamasi na yote, kwa marehemu ambaye wakati mwingine hata jina lake alikuwa hajalishika vizuri. Wenye msiba wakimtazama waliona haya, wakaongeza sauti.

Jamani, huruma ya wapi? Zuberi alikuwa anafuata muziki.

Kulikuwa na mtu wa Lweba akiitwa Casimir, mrefu, mvivu wa jembe, fundi wa likembe, kile kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba. Nyimbo alizitunga mwenyewe, na alizitungia wafu tu. Akifika matangani haimbi kwanza. Anakaa na wenye msiba, anawahoji: alipenda kula nini, aligombana na nani, alimdanganya nani. Jua likishapoa ndipo anaimba, na anaimba yote, matamu na machungu. Marehemu mmoja, wimbo mmoja, na hatourudia hata umshike miguu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Lweba, mchoyo wa ndagala, dagaa wa ziwani, mpaka wajukuu walimkimbia. Alipokufa, Casimir aliimba hivi:

*Ulificha ndagala chini ya kitanda,*
*mugeni akibisha ukasema harufu ni ya ziwa.*
*Leo kitanda kiko wazi, muzee,*
*tunakula ndagala yako, na machozi iko mingi.*

Watu walicheka na kulia kwa pamoja, wasijue washike lipi. Zuberi yeye alifumba macho. Alikuwa anasikiliza kidole gumba cha kushoto, kinavyobaki chini peke yake, kinatembea taratibu kama mtu aliye chumba cha pili, na sauti ya Casimir inavyochelewa kidogo nyuma yake. Kuchelewa huko ndiko kulikomliza. Baraka palikuwa na wenye gramafoni na santuri za kutoka Léopoldville, wakamwita aje asikilize. Akaenda mara moja, akarudi amenuna. Santuri, alisema, inasema leo kilekile ilichosema jana.

Mara moja alimwomba Casimir aimbe arusini. Casimir akakataa katakata.

"Muntu wa uzima iko anageuka kila siku," alisema. "Mi nitaimba leo bwana arusi ni muzuri, kesho anapiga bibi yake, wimbo yangu inakuwa ya uongo. Ngoja afe."

Basi Zuberi akawa anangoja wafe. Tuseme ukweli, ndivyo ilivyokuwa. Na kwa kuwa wimbo haurudiwi, kuchelewa ni kuukosa maisha yote, akaona ni busara kujua mapema nani anaumwa. Akaanza kutembelea wagonjwa. Anafika na kifurushi cha sukari, anaketi, anauliza kwa upole: "Usiku alilala? Anakula? Anakula kidogo au hapana kabisa?" Akijibiwa kwamba mgonjwa ameamka vizuri na kuomba uji, anashukuru Mungu, anapanda baiskeli, na njia nzima hana raha.

Mwanzoni walimpenda sana. Wakamsifu, wakamwita baba wa wagonjwa. Lakini watu wa Lweba si wajinga. Siku moja Norbert, mkubwa wa ukoo mmoja pale, alimsimamisha njiani akakamata usukani wa baiskeli.

"Bwana Zuberi. Ulikuja kuuliza hali ya baba mudogo, naye alikuwa na mafua tu. Mafua! Tukamuzika. Kwa Isidore ukaenda na sukari yako, Isidore akazikwa. Sasa jana umeuliza bibi yangu kama amelala vizuri. Bibi yangu hata hagonjwe!"

"Mi nilimusalimia tu, Norbert."

"Usitusalimie tena. Tukikuona kwa matanga yetu, au kwa mulango wa mugonjwa yetu, tutajua ni we unatukula."

Maskini Zuberi, angejitetea kwa lipi? Aseme hakuja kuloga, alikuja kusikiliza? Kwamba wao wakifiwa, yeye anapata raha? Mchawi angalau watu wanamwogopa. Akageuza baiskeli, na habari ikafika Baraka kabla yake, ikapanda mpaka Fizi.

Miezi ikapita bila Casimir. Zuberi alifungua karabai za watu akazifunga bila kukumbuka alichotengeneza. Wavuvi wakarudisha taa zao wakilalamika. Mkewe, Latifa, mwanamke asiyekuwa na huruma na upuuzi, alimwona amekaa mlangoni anachezesha vidole gumba hewani.

"Si ufe we mwenyewe, akuimbie?" alimwambia.

"Mi nikifa ni kisomo na dua, unajua."

"Na hata angekuimbia hungesikia. Ingia ule."

Kisha ukaja ujumbe kutoka Lweba: mama yako hawezi. Mama yake alikuwa Mbembe wa pale Lweba, ambaye alipofiwa na mumewe Mwislamu alirudi kwa ndugu zake, na uzeeni akabatizwa na padri mzungu aliyempa jina la Godelieve. Hakuwahi kulitamka sawasawa, ila alilipenda, alisema ni refu. Sasa alikuwa amelala kwenye mkeka, mwembamba, macho yamezama. Norbert alimwona Zuberi akipita, akatema mate chini, lakini hakuna anayeweza kumkataza mtu mama yake.

Zuberi akaketi kando yake, akamshika mkono. Na hapo, bila kuitwa, wazo likaingia: Casimir atamwimba nini? Ataanza wapi? Kidole cha kushoto akakisikia kabisa. Alipoligundua wazo lake alitamani ardhi impasukie. Mama yako, mjinga wewe! Mama yako!

"Zuberi," mama akasema, macho amefumba. "Unanitazama kama nyama iko ku moto. Umeanza kusikia likembe?"

"Hapana, mama! Haki ya Mungu..."

"Acha. Isidore mulikuwa hamupeane hata mukono, na siku ya kumuzika ulilia kupita muke wake. Mi najua mutoto wangu." Akapumzika, pumzi ikamrudia. "Umuite Casimir. Atanisema mbele ya batu bote, na mi siko pale nijibu? Hapana. Nataka kusikia mwenyewe."

Casimir alikuja kwa shingo upande, likembe kwapani, na majirani wakajaa uani, Norbert akiwa mbele. Haijawahi kuonekana, mtu kufanyiwa matanga naye angali anakohoa.

"Mama, mi siimbiake bantu ba uzima," Casimir akasema. "Muntu wa uzima anageuka."

"Anitazame huyu!" mama akacheka, kicheko kikamuumiza mbavu. "Nitageuka niwe nini tena? Kaa. Uliza."

Basi akauliza, na kwa mara ya kwanza marehemu akajibu mwenyewe. Akasema aliyempenda kabla ya mumewe. Akasema ya mke mwenzake. Casimir akaitikia kwa kichwa, akaanza kupiga, na hakika alikuwa hajawahi kupiga vile.

*Godelieve, mama ya mutoto mumoja,*
*mwaka wa njaa uliiba chumvi ya mwenzako,*
*ukasema ni panya.*
*Panya gani, mama, anakula chumvi?*
*Panya iko na mutoto mugonjwa nyumbani.*

Uani watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka. Zuberi akangoja ile raha yake, ile ya siku zote. Haikuja. Alitafuta kidole cha kushoto hakukisikia, alisikia kelele ya vyuma tu. Akilini aliona chumvi ile kwenye kiganja cha mama yake. Na Casimir akaendelea, sauti ikichelewa kama kawaida yake:

*Ulienda, mama, umetuachia muzee na mvi zake.*
*Nani tena atamuita mutoto?*

"Nyamaza!" Zuberi akapiga kelele. Alikuwa amesimama. "Nyamaza, Casimir! Nani amekuambia ameenda? Iko hapa! Iko hapa, humuone? Toka na vyuma vyako!"

Vidole vikasimama. Uani hata Norbert alitazama chini. Zuberi akaanguka magotini, akaficha uso kwenye nguo ya mama yake, akalia bila sauti na bila adabu.

Mama Godelieve akaweka mkono juu ya kichwa chake, akamgeukia mwimbaji.

"Endelea, baba," akasema. "Umusamehe. Mutoto huyu hajazoea matanga."