Kinu Kipya cha Mama Tatu

Mke wangu Zuwena alikuwa mpishi wa pilau. Hapa Marui watu walikuwa hawapangi tarehe ya harusi mpaka waulize yeye ana nafasi lini.

Vipimo vya viungo vyake hakumwambia mtu. Hata mimi. Akitaka kutwanga ananituma chumvi dukani. Tulikuwa na chumvi ya kutosha kuuza.

Mtu ambaye Zuwena alimwogopa hasa ni jirani yetu Hamisa. Naye mpishi, lakini wa pili, na wa pili anataka kuwa wa kwanza. Kati yetu na yeye kuna ua wa makuti tu.

Zuwena alitwangia kinu kidogo cha shaba alichoachiwa na mama yake. Kizito, sauti yake imeziba. Ukiwa nje unadhani mtu anashindilia udongo.

Mwaka juzi wakaja vijana kupima vyombo vya jikoni, pale ofisi ya kata. Wenzake walipeleka masufuria waliyoyatilia wasiwasi. Zuwena alikisugua kinu kwa limau na majivu, akakipeleka kisifiwe. Binti mmoja akakielekezea kidude chake.

"Bibi, hiki kina madini ya risasi. Mengi. Usitwangie chakula tena."

"Nimetwangia miaka yote, mbona mzima?"

"Inaingia kidogo kidogo, bibi. Watoto ndio inawaumiza zaidi. Inaharibu akili."

Zuwena akanitazama. "Huyu alianza kula kwangu akiwa kijana," akasema. "Mpime na yeye."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nilichelewa kidogo.

Lakini jioni ile hakukigusa. Tulikuwa na wajukuu wawili ndani.

Tukaenda Kibaha, mtaa wa Pangani, kwa fundi Ponsiano anayeyeyusha shaba. Zuwena alitaka akiyeyushe kile kile, atoe kingine.

"Risasi itabaki humo humo, mama," fundi akasema. "Kuyeyusha si kufua nguo." Akatuonyesha rundo la koki za maji za zamani. "Hata hizi kwenye chako sizitii. Nyingi zina risasi, waliiweka ili shaba ikatike vizuri kwenye mashine. Wewe nitakupa shaba nyekundu ya nyaya za umeme, nichanganye na bati safi. Basi. Ila itakuwa ngumu, nje sitaichonga sana."

"Nje sitwangii," akasema Zuwena. "Na hiki cha zamani nitampa Hamisa."

"Mama Tatu," nikasema.

"Natania, Baba Tatu."

Hakuwa anatania sana. Kinu kile sasa kinazuia mlango usijifunge.

Kipya kilikuja kizuri. Lakini siku ya kwanza alipokipiga, kililia kama kengele ya shule. Kuku wakakimbia. Watoto wa jirani wakaja na sahani. Zuwena akampigia simu Ponsiano.

"Ndivyo ilivyo, mama. Hata kengele za kanisani ni shaba na bati. Kile cha zamani risasi ndiyo ilikuwa inakizibia sauti."

Upande wa pili wa ua, redio ya Hamisa ikazimwa.

Hamisa ana pua. Harufu ya kila kiungo ilimfikia siku zote. Alichokosa ni kipimo. Sasa kinu kinamwambia: iliki kidogo, mdalasini kidogo, binzari muda mrefu. Siku moja niliona kigoda chake kimesogezwa mpaka kwenye makuti.

Zuwena naye alikiona. Siku ya tatu akachukua konzi moja ya karafuu, akaanza kuipiga. Ile ile. Imeshakuwa vumbi, bado anapiga. Viungo vya kweli akavisagia ndani, kwenye jiwe.

Rahma, binti wa Mfaume, akaposwa na watu wa Kibaha. Mfaume ni mtu wa kukimbia ugomvi. Akawapa kazi Zuwena na Hamisa wote wawili, kila mmoja sufuria lake la pilau.

Siku ya harusi watu wakala. Karafuu ikizidi, ulimi unakufa ganzi. Mshenga akasimama kushukuru.

"Tunachukuu," akasema. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Akakaa.

Zuwena alikuwa anachekea ndani ya khanga. Akacheka mpaka alipomsikia mama wa bwana harusi akimwambia mwenzake, "Huyo Zuwena mnayemsifia kila siku ndiye huyu?"

Wapakuaji walikuwa wamechanganya sahani. Hakuna aliyejua ipi ya nani. Zuwena akainuka aeleze. Aeleze nini? Kwamba alimtegea jirani yake karafuu? Akakaa karibu na mshenga.

Asubuhi akaita juu ya ua.

"Hamisa. Njoo ukae huku, utavunjika shingo."

"Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Umesikiliza vizuri. Aliyetwanga vibaya ni mimi. Njoo, kabla jina langu halijaishia kwenye sufuria lako."

Hamisa akaja na kigoda chake. Hakukataa hata kwa adabu. Mimi nikatumwa chumvi.

Tangu siku ile walitwanga pamoja, na watu wa Kibaha wakarudi kumsifia.

Zuwena amefariki mwaka huu, mwezi wa Rajabu. Ugonjwa haukuchukua muda. Arobaini yake kapika Hamisa. Alikuja kuazima kinu, akatwangia kwake. Nilikaa uani nikasikiliza mpaka alipomaliza.

Sahani yangu aliileta mwenyewe. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Shemeji, imeifikia ya Zuwena mwenyewe?"

Nikala. Nikala tena. Ilikuwa imeifikia. Wali, nyama, harufu, vyote.

"Bado kidogo," nikasema.

"Bado nini?"

"Sijui. Hakuniambia."

Akaondoka kanuna. Sahani niliimaliza.