Katwe Mbili

Katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi, asubuhi za Kisugu, mtaani kwetu Kampala, zilikuwa na ukungu ambao sijauona tena mahali popote. Ulipanda taratibu kutoka upande wa ziwa, kule Luzira, ukajaza mabonde, na nyumba za mlimani zikabaki kama zinaelea. Nilikuwa naamka, najifunga gurbaba yangu, ile nguo yetu ya kujizungushia, kiunoni kama mama yangu na bibi yangu walivyojifunga zao, naketi kibarazani na kupepeta chumvi kwenye ungo. Sauti yake ilikuwa kama mvua nyepesi inayonyesha mbali. Wakati mwingine nilisinzia huku mikono ikiendelea na kazi, na sikujua ni kipi nilikiota na ni kipi nilikipepeta.

Chumvi ile haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, na ukiishika juani ilikuwa na wekundu kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori, aliileta kutoka ziwa la Katwe, magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Kongo. Ni ziwa dogo ndani ya shimo la mlima wa moto wa zamani, na maji yake ni chumvi tupu. Watu wa huko wameyavuna tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka. Kampala nzima iliiita chumvi ya Katwe, na mimi niliiuza sokoni Kabalagala kwa jina hilo.

Lakini Kampala nayo ina Katwe yake. Ni mtaa wa mafundi vyuma, chini ya vilima, mahali pa nyundo na moshi. Zamani jambo hilo lilikuwa la kuchekesha tu. Mteja mgeni aliuliza kama chumvi inachimbwa pale kwenye karakana, tukacheka, nikamweleza habari za ziwa, akaenda zake. Chumvi ilikuwa nyingi, na jina lilitosha kwa wote.

Kisha bidhaa zikaanza kupotea madukani. Sabuni ilipotea, sukari ikafuata, na chumvi nayo ikawa kitu cha kunong'onezana. Ndipo jina likawa na thamani.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mwanamke Mkongo aliyekimbia vita vya mashariki mwa nchi yake na kupanga chumba Kabalagala. Alinunua samaki mwaloni Port Bell, akawapasua, akawajaza chumvi na kuwaanika juu ya bati, kwa namna ya kwao wanayoiita makayabu. Alikuwa Mkristo wa kweli, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini anapofanya kazi, na mimi Mwislamu nilikuwa nimezikariri zote bila kujua maneno yake yana maana gani. Tuliitana dada.

Msimu mmoja lori la mume wangu liliharibika njiani, likakaa huko likisubiri kipuri ambacho hakikupatikana. Gunia langu likaisha. Niliendelea kuamka na ukungu, nikakaa kibarazani na ungo mtupu. Siku moja mchana dada yangu Mkongo akaja amebeba beseni kichwani. Alilitua mbele yangu. Harufu ilifika kabla hajafunua kitambaa.

"Samaki yote imekufa," alisema.

"Samaki hufa wakitolewa majini, dada."

"Imekufa mara ya pili. Onja."

Alinipa pakiti ndogo ya karatasi ya kaki. Nilichovya kidole, nikalamba. Ilikuwa chumvi ya kulambishia ng'ombe, imesagwa na kuchanganywa na majivu. Juu ya pakiti palipigwa mhuri mzuri wa wino wa buluu: CHUMVI YA KATWE.

"Hii si yangu," nilisema.

"Najua si yako. Lakini jina ni lako."

Hakusema kwa ukali. Aliketi karibu nami tukayatazama maji machafu yanayovuja kutoka kwenye beseni. Nilijisikia kama mtu aliyekutana na pacha wake barabarani, pacha ambaye hakuambiwa kuwa anaye.

Kesho yake nilikwenda Katwe ya mafundi. Sikupata taabu kumwona mwenye mhuri. Alikuwa fundi wa sigiri, yale majiko ya makaa, mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya moto, lakini mabati ya kufulia sigiri yalikuwa yameadimika, kwa hiyo alikuwa amekaa kati ya vifaa vyake baridi akifunga pakiti za chumvi. Mke wake alikuwa nyuma, ana mtoto mgongoni, anatwanga.

"Ssebo," nilimwambia kwa heshima, kama watu wa Kampala wanavyomwita mwanamume, "chumvi hii inatoka wapi?"

"Katwe."

"Katwe ipi?"

Alinitazama, akatabasamu kwa uchovu. "Mama, angalia miguu yako. Umesimama wapi?"

Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa Katwe. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya ajabu, kwa sababu mtu yule hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Mume wangu, aliyekuwa amerudi kwa kupanda malori ya wenzake, alinishauri niende kwenye ofisi ya serikali inayosajili alama za biashara. Nilivaa vizuri, nikaenda mjini. Ofisi ilikuwa kubwa na karibu tupu. Meza nyingi hazikuwa na watu, na mapazia yalipepea polepole kama yanapumua. Karani mmoja alibaki, mzee wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, na siku hizo kusikilizwa mpaka mwisho kulikuwa zawadi.

"Nnyabo," alisema, kwa neno lao la heshima kwa mwanamke, "jina la mahali haliwezi kusajiliwa liwe la mtu mmoja. Nikikuandikia Katwe iwe yako, wenzako wote wa huko ziwani watakuwa wezi."

"Silitaki liwe langu. Nataka liwe la ziwa."

Aligeuka kutazama dirishani. "Huko Ulaya ipo sheria ya namna hiyo," alisema. "Kuna mvinyo unaobeba jina la wilaya yake. Ukiutengeneza mahali pengine, hata uwe mtamu vipi, huruhusiwi kuuita hivyo. Jina ni la udongo na la watu wote wanaoulima. Mimi niliisoma nikiwa kijana. Nilidhani itafika hapa nikiwa bado kwenye meza hii."

"Na haikufika."

"Haikufika." Kisha akainama kidogo, akashusha sauti. "Ulitaka kuandika malalamiko?"

"Ndiyo."

"Usiweke jina la mtu kwenye karatasi, nnyabo. Si wakati huu. Hujui itasomwa na nani."

Nilitoka nje. Jua lilikuwa kali na watu wachache walitembea kando ya ukuta, kimya, kama watu wanaopita ndani ya maji. Nilielewa alichosema, lakini nilielewa kwa kichwa tu. Mwili wangu ulielewa Ijumaa.

Ijumaa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kula baada ya sala. Alikuwa sajini jeshini. Watu wetu, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za Waingereza, walikuwa na ndugu jeshini karibu kila nyumba, na miaka ile jambo hilo lilitufanya tuogopwe na majirani tuliokua nao. Nilimpenda shemeji. Alikuwa mcheshi, aliwabeba watoto wangu mabegani. Nilimpakulia kisra, mkate wetu mwembamba kama kitambaa, pamoja na mchuzi. Mume wangu, bila kufikiri, akamsimulia habari za mtu anayeuza majivu kwa jina la chumvi.

Shemeji aliacha kula. "Anaharibu uchumi huyo," alisema kwa upole. "Anaitwa nani?"

Mume wangu hakumjua jina. Mimi nililijua, maana mke wa fundi alimwita kwa jina nikiwa pale.

"Shemeji, nitajie tu," aliniambia. "Utasahau kama uliwahi kuwa na shida."

Alisema hivyo kwa mapenzi, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilimwona yule mwanamke akitwanga na mtoto mgongoni. Niliwakumbuka watu waliotiwa na askari kwenye buti za magari mchana kweupe. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya kunawia, na ghafla maji yale yalionekana mbali sana, kama kisimani.

"Nilikosea," nilisema. "Chumvi ilikuwa yangu mwenyewe. Gunia lilinyeshewa, nikaona haya kusema. Hakuna mtu wa Katwe."

Mume wangu alinitazama. Hakusema kitu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Shemeji alinitazama pia, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akacheka, akarudia chakula chake.

"Wewe shemeji, utawaua watu kwa aibu zako."

Lakini neno likitoka huwa halirudi ndani. Shemeji aliwasimulia wake wa wenzake kama kichekesho, na wake wa wenzake wakasimulia sokoni. Lori lilipopona na chumvi safi ikafika, wateja walipita mbele ya meza yangu wakiangalia upande mwingine. Nilikuwa nimekwenda mjini kulilinda jina, na sasa nilikuwa nimelipaka matope kwa mkono wangu. Nilikaa siku nzima na chumvi ya kweli ambayo hakuna aliyeitaka.

Nilirudi kwa fundi wa sigiri mara moja tu. Nilimwambia yote, hata swali la shemeji, polepole, ili asikie kila neno. Aliacha kufunga pakiti. Kisha akachukua mhuri, akautia kwenye moto mdogo uliokuwa ukichemsha uji. Tuliutazama ukiungua, wino ukitoa moshi wa buluu. Wiki iliyofuata nilisikia wamehama, wamekwenda kijijini kwao. Sikuwaona tena.

Dada yangu Mkongo peke yake ndiye niliyemweleza ukweli. Alisikiliza huku anasugua samaki.

"Basi twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye ziwa lako. Nikirudi, mimi ndiye nitakayesema. Watanisikia, kwa sababu samaki waliooza ni wangu."

Tulikwenda na lori la mume wangu, sisi wawili mbele pamoja naye. Safari hiyo ninayo kichwani kama kitu nilichokiota nikiwa na homa nyepesi. Askari wa vizuizini walisikia Kiswahili chetu, lugha ya jeshi, wakatupungia mkono. Tembo walivuka barabara bila haraka. Tulifika asubuhi, na ziwa lilikuwa chini yetu ndani ya shimo lake, rangi ya maziwa yaliyomwagiwa damu kidogo, limegawanywa kwa matuta ya udongo kuwa vidimbwi kama madirisha. Hewa ilinuka mayai yaliyooza. Wanaume walisimama majini hadi kiunoni wakibomoa mawe ya chumvi, na wanawake waliinama kando ya vidimbwi vyao wakikwangua utando mweupe. Kila kidimbwi kilirithiwa. Waliongea kidogo, na sauti zao zilipanda ukingoni zikatufikia zikiwa zimechoka.

Dada alishuka mpaka majini, akachovya kidole, akalamba.

"Bibi yangu alikuwa nayo hii," alisema. "Ilivuka na mitumbwi. Sisi kule tuliiita kwa jina la soko ilikoshukia. Sikujua kuwa ni moja."

Nilimuuliza mama mmoja mwenye kidimbwi, kwa msaada wa mume wangu aliyejua lugha ya huko, wao wenyewe wanaiitaje. Alishangaa swali.

"Chumvi," alisema.

Nilimweleza habari za Katwe ya mafundi na ile pakiti. Aliwaita wenzake, wakalizungumza kwa muda mrefu, wengine wakicheka, mmoja akikasirika sana. Mwishowe walituonyesha namna ya zamani ya kufunga: chumvi ndani ya maganda makavu ya mgomba, inakazwa kwa kamba ya majani, fundo linalokaa ubavuni. Kila ukoo ulikuwa na fundo lake. Walikubaliana kwamba mzigo wetu utafungwa hapo hapo ukingoni, na mikono yao, usifunguliwe mpaka kwa mlaji. Walisema mtu wa mjini anaweza kuandika anachotaka, lakini fundo hili litamsumbua.

Tulirudi na lori limejaa mafurushi yanayonuka migomba na ziwa. Dada alisimama nami sokoni Kabalagala siku baada ya siku, akiwaambia watu kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba amefika mwenyewe, ameona, ameonja. Hakumtaja fundi, alisema tu kwamba alinunua vibaya. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwanza wale wa Kongo, kisha Waganda, mwisho watu wetu wenyewe. Walijifunza kuligeuza furushi na kutafuta fundo. Wapo waliojaribu kuiga, na mafundo yao yalifunguka njiani.

Hivyo tuliishi mpaka vita vilipokuja na serikali ile ikaanguka. Watu wetu wa Kisugu waliwindwa kwa makosa ya ndugu zao wenye bunduki, na hata sisi tusio na bunduki tulikimbia. Shemeji aliondoka upande wa kaskazini na hatukumsikia tena. Mume wangu alitupakia, mimi na watoto, na dada yangu Mkongo akaketi mbele kutuonyesha njia ya kwao, ambako vita alivyovikimbia vilikuwa vimetulia. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo. Niliifunga nyumba, ingawa nilijua mlango hautamzuia mtu.

Upande wa pili wa mpaka, majirani zake waliuliza sisi ni nani. Aliwaambia sisi ni wa kwake. Walitupa chumba chenye dirisha moja linalotazama milima, na baada ya mwezi wa mvua tulianza kuanika samaki pamoja, yeye akiimba, mimi nikimfuata kwa maneno ambayo sasa nilikuwa nimeanza kuyaelewa.