Maloba Aomba Njia

Maloba wa Buteba alichoka kabla hajazeeka. Enzi zile za Waingereza alikuwa mchochea moto katika kiwanda cha kuchambulia pamba kule Tororo, akiilisha boila magogo kutwa kucha. Moshi ulimwingia kifuani ukahamia humo. Hata Jumapili, mashine zikiwa kimya, alikohoa kana kwamba yuko kazini.

Baba yake alipofariki, shamba lilimngoja yeye, mwana wa kwanza. Kwao Wasamia, mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya mkubwa wa boma. Mwaka ule Maloba alipata Jumapili moja tu ya kwenda kupanda, tena mvua ikiwa imekwisha kupita. Mtama ulitoka mfupi, watoto wakalala njaa. Mdogo wake, Fabiano, akamtumia salamu: mwakani usipowahi, tutapanda bila wewe. Maloba alielewa vizuri. Mkubwa akipandiwa angali hai, amewekwa kando pamoja na marehemu.

Basi akaenda kwa meneja, akavua kofia.

"Bwana, naomba kuacha kazi."

"Sikubali," meneja akasema. "Pamba imejaa ghalani. Na ukitoroka, askari watakufuata mpaka kwenu."

Akarudi kwenye boila. Akaenda tena, akakataliwa tena. Mnaweza kumcheka, lakini mimi simcheki. Huyu alilelewa katika boma ambalo mgeni hainuki tu akaenda zake. Huomba njia, na mwenyeji asipompa, hukaa. Maloba alimwona meneja kama mwenyeji aliyemkaribisha, akamngojea ampe njia. Na meneja, ambaye hakuwahi kumkaribisha hata kwa maji ya kunywa, alistarehe na adabu ile. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Aliyemfumbua macho ni Jamiru, dereva wa lori la pamba, Mwislamu wa mjini Busia, mtu asiye na subira.

"Wewe Maloba, unaomba nini kila siku? Kazi si nyumba ya mkwe. Mkataba yako ni ya mwezi kwa mwezi. Unampa notisi, unafanya kazi mwezi moja, unakwenda. Kutoroka ni kwenda bila kusema."

"Na akikataa?"

"Hana nguvu ya kukataa. Kazi yake ni kusikia tu."

Maloba hakulala vizuri siku hizo. Kumwambia mwenyeji "naondoka" bila kuomba kulimtia haya. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, naye akaenda, safari hii kofia ikiwa kichwani.

"Bwana, sikuombi. Nakwambia. Mwezi ukiisha, ninaondoka."

"Mimi sijakubali."

"Nimesikia, bwana."

Akaufanya mwezi wake wote, gogo kwa gogo. Mvua haikungoja notisi. Ilinyesha katikati ya mwezi, akaisikiliza juu ya bati la kiwanda, mikono ikiendelea kutupa kuni. Siku ya mwisho hakuna askari aliyemfuata. Meneja hakuinua hata uso.

Lori la Jamiru lilimshusha karibu na Buteba. Mtama ulikuwa umekwisha kuota, wa kijani, mistari imenyooka. Walikuwa wamepanda bila yeye.

Fabiano alimpa kiti, akamletea uji. Hakuna aliyelitaja shamba. Maloba alikunywa polepole, akawatazama watoto wa wadogo zake wakimkwepa kama mgeni. Alichoka kuliko siku zote za boila. Uji ulipokwisha, akasimama, akavua kofia mbele ya mdogo wake.

"Naomba njia."

Fabiano akalichukua bakuli tupu la uji.

"Njia sikupi, kaka," akasema. "Palizi inaanza kesho, na jembe la baba halijashikwa na mtu. Kaa."

Maloba akakaa.