Fisi Asiyejua Aendako

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya malisho mjini Garissa, Mkuu wa Kitengo cha Takwimu alinipa karatasi tupu. "Andika nyasi, mbuzi na fisi," akasema. "Kisha uniambie nani atakuwa wapi." Kazi ilikuwa hiyo: kuugeuza mnyororo wa chakula kuwa milinganyo, na milinganyo kuwa ramani. Mwendo wa wanyama tuliueleza kwa usambaaji, yaani tulichukulia kwamba kila mmoja hupiga hatua kiholela, kama wino ueneavyo majini.

Baadaye nilipelekwa Modogashe. Huko malisho humea kwa mistari: ukanda wa majani, ukanda mtupu, kisha majani tena. Ramani yangu iliuhesabu ule utupu kuwa ardhi iliyokufa. Kwa ushauri wangu, Mhandisi wa Maji akapanga kuchimba hapo silanga, bwawa la kukingia mvua.

Tulipokuwa tukipigilia vigingi alifika Khadija, mfugaji wa ukoo wa baba yangu. Aliniita eeddo, kama shangazi wa Kisomali na mtoto wa kaka yake waitanavyo. Alisema Kiswahili ili Mhandisi asikie.

"Eeddo, karatasi inasema nini?"

Nikamweleza usambaaji.

"Fisi natembea bila kujua anaenda wapi? Huyo amelewa, wallahi! Fisi yetu inajua hata boma yenye mbwa mzee." Mhandisi akacheka. Khadija hakucheka. "Na hapa mnachimba?"

"Hapa hapana kitu, eeddo."

"Maji ya mvua inateremka hapa, inanywesha majani ya chini. Mkifunga kwa shimo, mbuzi yangu itakula nini? Hiyo karatasi?"

Niliporudi Garissa, niliingiza mteremko na mtiririko wa maji katika milinganyo. Mistari ikajitokeza yenyewe kwenye kompyuta. Nilipoichora silanga, ukanda wa Khadija ukatoweka.

"Ramani imekwisha kutiwa saini," Mkuu akasema. "Niseme ofisi imekosea?"

"Sema nimekosea mimi."

"Basi andika. Na ujiandae kwenda Banissa."

Silanga ilichimbwa bondeni, chini ya malisho yote. Nami nikakaa Banissa, mbali huko mpakani, hadi nilipostaafu, mapema kuliko wenzangu.

Vijana huniuliza modeli nzuri ni ipi. Huwajibu kwamba ni ile inayokufichulia ulichodhania bila kujua. Jibu ni sahihi, ila si kamili. Katika ripoti ya marekebisho, palipohitajika chanzo cha maarifa, niliandika "uchunguzi wa mtafiti". Khadija hakujua kusoma, hivyo hakuniuliza. Mimi najua kusoma.