Masharubu ya Nyota wa Hollywood

Leo nimelipiza kisasi cha dada yangu, na sikumwaga hata tone la damu.

Mie ni kinyozi hapa Langoni. Kaingia Swaleh, yule aliyemwacha dada wiki ya harusi. Hana haya! Kaja na kaka wa mchumba wake mpya.

Anataka masharubu membamba ya nyota mmoja wa zamani wa Hollywood.
"Mie na yeye sawasawa, sura na tabia."

Haya, bwana.

Huku nanyoa, nikamsimulia yule kaka maisha ya nyota. Kwenye filamu, mpenzi mwaminifu. Nyumbani? Kaoa mara tano, wote watano kawatoroka.

Kaka akauliza taratibu, "Swaleh, hata tabia?"

Povu likamkaukia usoni.

Semeni nyinyi, nimekosa?

Masharubu yametoka mazuri, wallahi. Harusi ndiyo sijui.